Mathioya kwanza au Nile kwanza? Jibu kwa msomaji anayeanza kayaki ya maji ya kasi

Msomaji mmoja wa Murang'a ameandika kwamba ameshuka mto Tana pale Sagana kwa boti ya mpira mara kadhaa, ameupenda mchezo huo, na sasa amejinunulia kayaki, yaani mtumbwi mdogo wa mtu mmoja, iliyokwisha tumika, yenye urefu usiofika mita mbili na sehemu ya chini iliyo bapa. Mpango wake ni kujifunzia katika mto Mathioya, kwa kuwa uko karibu na kwao na ni mdogo, kisha baada ya mwaka mmoja hivi aende Jinja, Uganda, akaujaribu Nile, ambao ameambiwa kuwa unaua. Anauliza kama mpango huo ni sahihi, msimu upi unafaa, na kama rafiki yake atakayekuwa akitembea ukingoni na kamba anatosha kuwa mwokoaji wake.

Ndugu yangu, nianze na la kwanza bila kuzunguka: mpango wako umekaa miguu juu, kichwa chini. Mathioya uwe mto wa mwisho kati ya hiyo mitatu uliyoitaja, na Nile, katika sehemu zake zinazofaa na ukiwa na mwalimu, ni miongoni mwa mahali bora pa kujifunzia kayaki ya maji ya kasi katika Afrika Mashariki nzima. Natambua kwamba jawabu hili linapingana na macho yako. Mtu akisimama kando ya maporomoko ya Itanda, kaskazini ya Jinja, akashindwa hata kumsikia aliye kando yake kwa ngurumo ya maji, kisha akasimama juu ya daraja la Mathioya mwezi wa Februari na kuona maji yasiyomfika mtu kiunoni, hahitaji kuambiwa ni upi wa kuogopwa. Lakini macho hupima ukubwa na masikio hupima kelele, na katika mchezo huu vyote viwili ni vipimo vibaya. Swali la kujiuliza kila unapoutazama mto ni hili: maji haya yakinichukua nikiwa sina kayaki wala kafi, yatanipeleka wapi, na yatanipitisha katikati ya nini kabla ya kunifikisha huko?

Tulichukue swali hilo hadi Nile. Unapotoka Ziwa Victoria, mto huo hubeba takriban mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, yaani tani 1,000 za maji kila sekunde, na katika miaka ya mvua nyingi kama 2020 kiasi hicho huzidi maradufu. Mto Tana pale Sagana, siku isiyo ya mafuriko, haufikii hata sehemu ya kumi yake, na Mathioya ni mmoja tu wa mito inayouchangia Tana. Wingi huo ndio unaozaa mawimbi ya Jinja yanayopita kimo cha mtu. Wingi huo huo, hata hivyo, umejichimbia njia pana yenye kina, mawe mengi yamebaki chini mahali ambapo mwili hauyagusi, na baada ya poromoko moja mto kwa kawaida hutulia ukawa kilindi kipana kabla ya jingine kuanza. Humo kilindini ndimo anamookotwa aliyepinduka, akapewa kafi lake na kuulizwa kama angali anataka kuendelea. Ukizama katikati ya wimbi la Nile, utazungushwa gizani hata upoteze habari ya juu ni wapi na chini ni wapi, na sekunde tano za hali hiyo ni ndefu mno kwa asiyezizoea. Lakini mara nyingi hakuna kitu kilichokushika. Jaketi la kuokolea maisha litakupandisha, mkondo utakuteremsha, na utaibuka mahali penye nafasi na watu wa kukusaidia. Anayeumia huko mara nyingi ni yule anayepigana na maji badala ya kuyasubiri, akamaliza pumzi yake kwa kurusha mikono.

Sasa pinduka Mathioya. Mto huo unateremka kutoka safu ya Nyandarua, ukipita katika mashamba ya chai na kisha ya kahawa, ndani ya bonde jembamba lenye mwinamo mkali, na sehemu nyingi poromoko moja halijaisha vizuri jingine limekwisha anza. Unapopinduka, kichwa chako ndicho kinachoning'inia mahali penye kina cha mita moja au pungufu, na mawe yamejaa. Ukifaulu kutoka ndani ya kayaki, silika itakuambia usimame, kwa kuwa chini unapagusa. Hapo ndipo inapotokea ajali ambayo wasioujua mchezo huu hawaitarajii kabisa: mguu unaingia katikati ya mawe mawili, mkondo unausukuma mwili mbele, na mtu analazwa kifudifudi akiwa amenaswa kifundo cha mguu, katika maji ambayo kama yangekuwa yametulia yangemfika mapajani tu. Msukumo wa maji hauongezeki sambamba na kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne, na ndiyo sababu mtu mzima mwenye nguvu zake zote hawezi kujiinua hata inchi moja. Kanuni ni kulala chali, miguu ikitangulia kule maji yanakokwenda, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji na makalio yakiwa yameinuliwa, na kutothubutu kusimama mpaka ufike mahali ambapo maji hayaendi au hayapiti magoti. Itaje kanuni hiyo hadi iwe tabia, kwa maana ukiwa ndani ya maji hutapata nafasi ya kuikumbuka.

Mawe si tatizo kubwa kuliko yote katika mito ya kwenu. Tatizo kubwa ni miti. Kingo za mito ya Murang'a zimepandwa mikaratusi na mianzi, mvua kubwa huulegeza udongo miti ikaanguka, na mti ulioanguka ndani ya mkondo ni hatari kuliko jiwe lolote. Maji yanayogonga jiwe huumuka kidogo mbele yake na kukusukuma pembeni, lakini mti huyapitisha maji katikati ya matawi yake na kukubakiza wewe, kama chujio linavyobakiza majani ya chai. Ukiona kwamba huwezi kuuepuka, ile kanuni ya kulala chali unaiacha: unageuka kifudifudi, unaogelea kwa nguvu zako zote kuuelekea mti kichwa kikitangulia, na kujirusha juu yake kwa kifua kabla maji hayajakuvuta chini yake. Haya ni maelezo mepesi kuyaandika na magumu kuyatenda. Kwa hiyo kinga ya kweli ni kushuka na kutembea ukingoni kukagua kila kona ambayo huoni mwisho wake, hata kama uliipita wiki iliyotangulia bila shida, kwani mti huanguka usiku mmoja. Ongeza hapo madaraja ya magogo yaliyo chini sana, mabomba ya maji yaliyovutwa kutoka ng'ambo hii hadi ile, na nyaya zilizosahauliwa.

Kisha kuna mabanio. Mathioya na Maragua zimekuwa zikiulisha mtambo wa umeme wa Wanjii tangu miaka ya 1950, na katika mito ya eneo hilo zipo kuta nyingine nyingi ndogo za zege za kuelekeza maji kwenye mitambo, mifereji na matangi. Ukuta wa kimo cha mita moja hauonekani kuwa kitu kwa mtu aliyekwisha shuka maporomoko ya Tana. Shida ni kwamba maji huuruka kwa usawa ule ule kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na yakishafika chini hujiviringisha na kurudi ukutani. Poromoko la asili karibu kila mara lina upande dhaifu, pengo ambalo kupitia kwalo mtu hutoka. Ukuta uliojengwa na fundi kwa pima maji hauna pengo. Kinachoingia humo, kiwe gogo, mpira au mtu, hurudishwa ukutani, huzamishwa, huibuka na kurudishwa tena. Ukiwa juu yake ndani ya kayaki huoni povu wala husikii kelele ya kukutisha, unaona tu mstari mnyoofu ambapo mto unakatika. Mstari wa namna hiyo ukiuona mbele yako, nenda ukingoni mara moja, beba kayaki begani na upite nchi kavu. Hapo hakuna ujuzi wa kuonyesha.

Pengine umeambiwa kwamba Nile una maporomoko ya daraja la tano na Mathioya ni wa daraja la nne, ukahitimisha kwamba wa nne hutangulia. Kipimo hicho cha kimataifa, kinachoanza la kwanza hadi la sita, kina manufaa yake, nami hukitumia kila siku, lakini kinaeleza ugumu wa kupita mahali fulani bila kupinduka. Hakielezi vizuri kinachokungoja ukipinduka. Tena hubadilika na kimo cha maji: poromoko lile lile linaweza kuwa la tatu mwezi wa Januari na la tano mwezi wa Mei, na katika mito myembamba badiliko hilo huweza kutokea kati ya asubuhi na alasiri. Kuna sehemu za Nile za daraja la tatu ambazo ningemruhusu mwanafunzi wa wiki mbili apinduke humo siku nzima. Sioni sehemu ya Mathioya, hata ya daraja hilo hilo, ambayo ningeisemea hivyo.

Kuhusu uzoefu wako wa Sagana, ni mwanzo mzuri, ila usiupe uzito usio wake. Boti ya mpira ni pana, haipinduki kirahisi, na aliyekuwa akiusoma mto ni mwongozaji aliyeketi nyuma yako. Kazi yako ilikuwa kupiga kafi alipokuamuru. Ndani ya kayaki wewe ndiye mwongozaji na wewe ndiye abiria. Somo la kwanza litakalokuonyesha tofauti hiyo ni kuingia na kutoka katika maji ya kurudi. Nyuma ya kila jiwe kubwa maji hugeuka na kurudi yalikotoka, na hapo ndipo mtu mwenye kayaki hupata kituo cha kupumzika, kutazama mbele na kuwasubiri wenzake. Mpaka kati ya mkondo unaoshuka na maji yanayorudi ni mwembamba na mkali, na pua ya kayaki ikiuvuka, kayaki nzima huzungushwa kwa ghafla. Asiyejua huketi wima au huinamia nje ya kona, maji yanapanda juu ya ukingo wa kayaki, naye anapinduka kabla hajaelewa kilichotokea. Dawa yake ni moja, iwe unaingia au unatoka: njoo na kasi, vuka mpaka huo kwa pembe, na uinamie ndani ya kona unayogeukia, ukiinua kwa paja ukingo wa upande wa nje, huku kafi likizama upande ule unaogeukia. Ukilifanya hilo katika maji mepesi hadi mwili uzoee, nusu ya kayaki umekwisha kuijua. Mengine yote, hata kuruka maporomoko, ni namna ya kutoka kituo hiki na kukifikia kile.

Kwa hiyo ningekupangia hivi. Anzia kwenye bwawa la kuogelea au bwawa la maji yaliyotulia lisilo na wanyama, na jambo la kwanza kabisa liwe kutoka ndani ya kayaki iliyopinduka. Kabla ya kupinduka, hakikisha kishikio cha ile sketi inayoziba mdomo wa kayaki kimebaki nje; nimewaona wanafunzi wakikikunjia ndani kwa haraka ya kuanza, na kikiwa ndani huna cha kuvuta. Ukishapinduka, jikunje mbele hadi uso ukaribie sehemu ya juu ya kayaki, kwa sababu anayejinyoosha nyuma hutanguliza uso kwenye mawe. Gonga ubavu wa kayaki mara tatu ili mwenzako ajue. Kisha fuatisha ukingo wa mdomo kwa mikono yote miwili hadi mbele, kamata kishikio, kisukume mbele na juu, na jisukume utoke kana kwamba unavua suruali. Yote hayo yafanyike polepole. Ukiyamudu bila hofu ndipo ujifunze kujiinua ukiwa umeketi humo humo, na hapo usitegemee kujifunza peke yako kwa kutazama video, kwa kuwa kosa la kawaida, la kuinua kichwa kwanza, mtu halioni mwenyewe. Kiuno ndicho kinachoirudisha kayaki, kichwa hutoka majini mwisho.

Baada ya hapo rudi Sagana. Safari ya Tana pale huanza na kilomita kadhaa za maji mepesi kabla ya kufika kwenye yale maporomoko yenye majina kama Can of Worms na Spasm, ambayo waanzilishi wa mchezo huo waliyabuni kwa ucheshi wao na ambayo waongozaji wa Sagana huyataja leo kana kwamba yalikuwapo tangu kuumbwa kwa mto. Kilomita hizo za mwanzo, ambazo wenye boti za mpira huziona za kuchosha, kwako ni darasa. Omba kwenda nyuma ya kundi lenye mwokoaji aliye ndani ya kayaki, shuka sehemu hiyo mara nyingi, na toka majini kabla ya makubwa mpaka utakapokuwa ukijiinua katika maji yanayokwenda na si bwawani pekee.

Ndipo uende Jinja, kwa wiki moja au mbili, na uchukue mafunzo kwa watu wanaoishi juu ya mto huo. Katika siku chache utapata mapinduko mengi, katika maji ya vuguvugu na yenye kina, kuliko utakayoyapata Murang'a kwa mwaka mzima, na kila pinduko ni zoezi la kujiinua ambalo halikugharimu meno. Usitumie ramani wala maelezo ya zamani. Maporomoko ya Bujagali, yaliyoufanya mji huo ujulikane duniani kwa mchezo huu, yalifunikwa na maji mwishoni mwa 2011 bwawa la megawati 250 lilipojazwa, na bwawa la Isimba, la megawati 183, lililozinduliwa 2019, liliyafunika mengine yaliyoko chini zaidi. Uganda iliwahi kukubaliana na Benki ya Dunia mwaka 2007 kwamba maporomoko ya Kalagala yahifadhiwe kama fidia ya yale ya Bujagali, na kwa mtazamo wangu sisi wapiga kafi hatupaswi kuchoka kuikumbusha ahadi hiyo. Itanda na Kalagala zenyewe si mahali pako kwa sasa. Hata makundi ya boti za mpira hubeba boti zao na kupita nchi kavu sehemu mbaya zaidi. Faida ya Nile ni kwamba mto umegawanyika katika njia nyingi zinazopita kati ya visiwa, na karibu na njia ya kutisha mara nyingi ipo nyingine ambayo mwanafunzi aliye na mwalimu anaipita akicheka.

Mathioya ufuate baadaye, na usiuhesabie miezi. Uende siku ambayo unaweza kujiinua kwa upande wa kulia na wa kushoto bila kufikiri, na unaweza kulitaja jiwe kabla ya kuondoka ukaenda ukasimama nyuma ya jiwe hilo hilo wala si lile la chini yake. Katika mto wenye miti na mabanio, kushindwa kusimama mahali ulipokusudia ndiyo ajali yenyewe, hata kama bado uko juu ya maji na hujapinduka.

Nimefurahi kwamba ulieleza umbo la kayaki yako, kwa sababu lenyewe limekwisha kupigia kura mpango wangu. Kayaki fupi isiyofika mita mbili, nyembamba miisho na bapa chini, imetengenezwa kwa ajili ya kuchezea juu ya wimbi moja, na mawimbi ya Jinja ndiyo nyumbani kwake hasa. Katika mto mwembamba wenye mteremko, pua yake nyembamba huzama chini ya kila anguko na huweza kujichomeka katikati ya mawe, na aliyemo akanaswa pamoja nayo. Kayaki za mito ya aina hiyo huwa na urefu wa mita mbili na nusu hivi, ni nene, zimeviringana pande zote na huibuka haraka. Usiuze uliyonayo. Ijifunzie, na wakati wa Mathioya ukifika azima au kodi inayofaa. Kwa kuwa ni ya mitumba, itazame chini ya kiti kwenye mwanga ukitafuta nyufa, kanyaga kwa nguvu vile vyuma vya kuegemea miguu uone kama vinateleza, na uhakikishe ina mifuko ya hewa ndani yake, maana kayaki iliyojaa maji ina uzito wa mamia ya kilo na haiokoleki kwa mikono.

Msimu ni jambo fupi. Sagana hupata maji ya kutosha wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, na wiki chache baada ya kila msimu mto unapoanza kushuka ndizo ninazozipenda kwa mwanafunzi. Usiende mvua ikiwa bado inanyesha milimani. Mvua ya alasiri iliyonyesha Nyandarua hukufikia Murang'a baada ya saa kadhaa huku jua likikuwakia, na dalili zake ni maji kubadilika rangi, povu na vijiti kuelea kwa wingi, na mawe yaliyokuwa makavu ulipofika kufunikwa. Ukiona mbili kati ya hizo, toka. Nile haufuati mvua za wiki kwa namna hiyo, kwa kuwa ziwa ndilo tangi lake na mabwawa ndiyo bomba lake, ila kimo chake huweza kupanda na kushuka ndani ya siku moja kufuatana na maji yanayofunguliwa, na wenyeji ndio wa kuulizwa.

Wanyama hukuwauliza, lakini nisipowataja nitakuwa sijamaliza. Kutoka Sagana kuteremka, Tana unaingia katika bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, na humo mna viboko na mamba. Safari yako iishie mbali juu ya hapo. Usishawishike kwamba mtu hodari huwakwepa. Hendri Coetzee, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa na makazi Jinja na aliyeongoza safari ya 2004 ya kuushuka Nile kutoka chanzo hadi baharini, alikuwa miongoni mwa watu wachache duniani walioijua mito ya bara hili kwa kiwango hicho, na mnamo Desemba 2010 mamba alimnyakua ndani ya kayaki yake katika mto Lukuga, ule unaotoka Ziwa Tanganyika kuingia Kongo, akiwa na wenzake wawili hodari karibu naye. Mdogo zaidi, na mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kukupata, ni mdudu wa kichocho. Konokono wanaomsambaza hukaa katika maji yaliyotulia yenye majani kandokando, si katikati ya mkondo, kwa hiyo epuka kukaa na kusubiri humo, jifute vizuri utokapo, na upime au upate dawa ya prazikwanteli hospitalini wiki sita hadi nane baada ya safari. Ukiinywa mapema haisaidii, kwani huua minyoo iliyokomaa na si michanga.

Sasa rafiki yako wa ukingoni. Kwa Mathioya hatoshi, hata akiwa mwogeleaji bora kuliko wewe, kwa sababu ya jiografia tu: ukingo una mashamba ya nduma, vichaka na miinuko ya udongo unaoteleza, na hakuna binadamu atakayekwenda sambamba na maji hayo kwa miguu. Anapokufikia, lililotokea limekwisha tokea. Kundi la chini kabisa kwa mto huo ni watu watatu ndani ya kayaki, ili mmoja akipata shida wawepo wawili, mmoja wa kumsaidia na mwingine wa kuita msaada.

Hata hivyo usimwache nyumbani, kwa kuwa pale Sagana, kwenye poromoko moja unalolirudia, yeye na mfuko wake wa kamba wana thamani kubwa, mradi ajue pa kusimama. Wengi husimama kando ya wimbi kubwa, mahali ambapo mtu anapinduka. Hapo hapafai, kwa kuwa aliyepinduka bado yuko chini au anajaribu kujiinua. Asimame chini zaidi, mahali utakapokuwa umeibuka na unaweza kuona na kushika, lakini juu ya poromoko linalofuata. Kamba iwe ya kati ya mita 15 na 20, inayoelea. Akuite kwanza hadi umtazame, arushe ili kamba ikuangukie kifuani na si mfuko kukupiga kichwani, na wewe ukamate kamba yenyewe wala si mfuko, uipitishe juu ya bega lililo mbali na ukingo aliosimama, ulale chali na kuacha mkondo wenyewe ukuvurumishe hadi kandoni. Asijifunge kamba hiyo kiunoni, asiizungushe mkononi, na awe na kisu mahali anapokifikia kwa mkono mmoja. Mfanyishe mazoezi uwanjani, wewe ukipita mbio mbele yake, na umkazanie hasa mrusho wa pili: kamba iliyokosa mara ya kwanza hairudishwi mfukoni, hukusanywa mkononi kwa mikunjo mipana, mfuko huchotewa maji kidogo ili upate uzito, na hurushwa tena kabla hujampita.